Tupeane uzoefu: ugaidi unakula nini baada ya mazishi?

MwanaBahari: Wadau, salaam. Kila shambulio hapa Kenya tumekariri idadi. Bomu la ubalozi wa Marekani, Nairobi 1998, ni watu 213, na siku hiyo hiyo Dar es Salaam 11. Jumba la maduka la Westgate 67. Chuo Kikuu cha Garissa 148. Magazeti hufungia hesabu hapo, lakini kwa watu ambao hata hawakuwepo ndiyo kwanza inaanza. Anayeijua kazi fulani kwa undani atueleze ililiwa vipi. Habari za "mimi siku ile nilikuwa wapi" zina uzi wake, hapa leteni kazi yenyewe.

Naanza na uvuvi wa Lamu. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda wakavushwa Somalia kwa boti. Ikaja marufuku ya kuvua usiku, ikadumu miaka. Asiyejua bahari husema, basi si wavue mchana? Jarife, wavu wa kutegea, hutegwa magharibi likaopolewa alfajiri, kwa kuwa maji maangavu ya mchana humwonyesha samaki uzi akaukwepa. Kamba wa mawe mchana kutwa yumo pangoni, hutoka usiku kutafuta chakula. Dagaa wanaovuliwa kwa taa ya karabai wanataka kiza, mwezi ukiwa mpevu taa yako haiwavuti. Kwa hiyo mvuvi wa taa siku zake za maana ni zile za kiza tu, na hizo ndizo alizofungiwa.

Halafu kuna pepo. Kusi ikikaza, kuanzia Mei, dau dogo halitoki nje ya miamba. Mvuvi huvuna kaskazi ili aivuke kusi. Ukimnyima usiku wa kaskazi, kusi inamkuta anakopa unga dukani. Na mgao wenyewe ulivyo: kwanza hutolewa mafuta, barafu na chakula cha safarini, kinachobaki hukatwa mafungu, la chombo, la nyavu, la mabaharia. Mavuno yakipungua, mafuta na barafu bei yake ni ile ile, kwa hiyo linalotoweka kwanza ni fungu la baharia asiye na chombo wala nyavu. Kijana wa miaka 20 hivi. Ndiye huyo huyo anayewindwa na waandikishaji wa vikundi vya kigaidi.

Kijana_wa_Mtaa: Mkuu, watekaji si walipita baharini? Wewe ungefanyaje?

MwanaBahari: Boti ya fiberi yenye mashine kubwa haifanani na dau la tanga hata gizani, mlio peke yake unatosha. Andika namba ubavuni mwa kila chombo, orodha ya mabaharia ikae kwa kamati ya ufuo, na kila chombo kiripoti kutoka na kurudi. Ukiwaondoa wavuvi wote usiku, umeiondolea bahari macho yake. Atakayepita huko nani atamwona?

NesiZamuYaUsiku: Mimi nitazungumzia vioo na damu.

Agosti 7, 1998 pale ubalozini Nairobi, kabla ya bomu lenyewe washambuliaji walirusha guruneti na risasi zikasikika. Watu wa majengo ya karibu wakakimbilia madirishani kuchungulia. Bomu likaja wakiwa nyuso zimeelekea kioo. Ndiyo maana majeruhi wa macho walikuwa wengi vile. Ukisikia mlipuko mdogo au risasi, ondoka dirishani, lala chini nyuma ya ukuta, kichwa kifunike kwa mikono.

Kipande cha kioo kilichozama mwilini usikichomoe, huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kizungushie nguo pande zote kisicheze. Jicho lililopasuka lisikandamizwe hata kidogo, lifunike kwa kikombe cha karatasi kinachokaa juu ya mfupa. Damu inayoruka kwa mapigo mguuni au mkononi: kandamiza kwa leso kwa uzito wa mwili wako wote, usifunue kila mara kuchungulia. Isipokoma, funga kitambaa chenye upana wa sentimita 5 au zaidi kati ya jeraha na moyo, si kwenye kiungo cha goti wala kiwiko, pitisha kijiti ukisokote hadi damu isimame, kisha andika saa uliyofunga. Wengi hukosea kwa kutumia kamba nyembamba. Inakata nyama na damu inaendelea. Kosa la pili ni kulegeza kidogo kidogo "mguu upumue". Usilegeze, mwachie daktari.

Na yule anayetembea akisema yuko salama mchungulie tena. Mgandamizo wa hewa huumiza mapafu bila kidonda cha nje, baada ya saa kadhaa pumzi ikaanza kukata.

Sasa gharama ambayo haiandikwi. Siku ya shambulio foleni za kutoa damu hujaa, jambo jema. Lakini chupa moja ni kama mililita 450, chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye friji hudumu wiki 5 hadi 6, chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku 5 tu. Wote wakitoa Jumamosi moja, damu inaisha muda wakati mmoja, na mwanamume inabidi akae miezi 3 ndipo atoe tena, mwanamke 4. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua wiki ya nane anakuta friji tupu na watoaji bado wamo kwenye mapumziko. Ukikuta foleni ndefu, acha namba yako ya simu uitwe baada ya wiki tatu. Utasaidia zaidi.

Chaki_Nyeupe: Elimu. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, baadhi yao walimu waliokuwa wanakwenda likizo. Walimu wengi wasio wenyeji hawakurudi. Mwalimu wa fizikia akiondoka kwenye shule ya sekondari yenye mwalimu mmoja tu wa somo hilo, wanafunzi wakichagua masomo wanaliacha. Bila fizikia, uhandisi chuo kikuu umefungwa, na daktari wa kesho naye njia yake imebana. Anayefundisha badala yake ni kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Anajua kusoma kitabu kwa sauti, maabara haijui. Na Lamu kule Basuba shule za Waaweer, yaani Waboni, zilifungwa tangu 2014, watoto wakakaa miaka bila darasa.

Ustadhi_Kisauni: Assalaam aleikum. Wanaosema "dini ndiyo imewatuma" na wanaosema "hii haihusiani na dini" wote wananichosha. Waandikishaji wanatumia dini, kwa ufundi, na ufundi huo lazima ujulikane.

Huanza na hukumu ya kukufurisha: serikali ni kafiri. Kisha anayelipwa mshahara na serikali. Kisha aliyepiga kura. Kisha aliyenyamaza. Mwisho wa ngazi hiyo nyanya yako naye damu yake halali. Kijana akipandishwa ngazi ya kwanza, mshike hapo, ya nne umechelewa. Mbinu ya pili ni kukata aya. Watamsomea Tawba aya ya 5 na kufunga msahafu. Mwambie asome ya 6 inayofuata: mshirikina akikuomba hifadhi, mpe, umfikishe mahali pake pa amani.

Na wasia wa Sayyidna Abubakar kwa jeshi lililokwenda Shamu uko ndani ya Muwatta ya Imam Malik: usiue mwanamke, mtoto wala mzee, usikate mti wenye matunda, usichinje mbuzi wala ngamia ila kwa kula, na watawa katika nyumba zao waachwe. Huo ulikuwa wakati wa vita halisi, jeshi kwa jeshi. Basi la abiria linaingia wapi hapo?

Desemba 2015, njia hiyo hiyo ya Mandera, Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, kina mama wakawavisha wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Kijana_wa_Mtaa: Allah amrehemu.

BimaNaHesabu: Fupi kutoka kwangu. Bima ya gari ile kubwa (comprehensive) mnayoiamini, kwa kawaida ugaidi umo katika orodha ya visivyolipwa. Kinga ya ghasia na ugaidi hununuliwa kando, na lazima iandikwe kwenye hati. Mwenye basi la Lamu au Garissa afungue ukurasa wa visivyolipwa leo, asingoje. Watalii nao ni hivyo hivyo: Mei 2014 Uingereza ilipotoa onyo kuhusu Mombasa, kampuni za utalii ziliondoa wageni wao na ndege za kukodi zikasitishwa. Si woga tu. Onyo likitoka, bima ya safari ya mgeni huwa hatarini, na kampuni haithubutu kumwacha hotelini.

MwanaBahari: Na hoteli ikifunga, kamba wa mawe wa Kizingitini, hapa Lamu, hana mnunuzi hata ukiruhusiwa kumvua. Hilo nimelisahau juu, ahsante. Kuna dereva wa njia ya Witu, ile ya kuingia Lamu, humu? Tunataka habari za msafara wa kusindikizwa na polisi: gari lingoje saa ngapi, mzigo wa maembe unaozea wapi.

Dereva_Gamba: Nipo. Ngoja nishushe mzigo, naandika usiku.