Aqua yangu hukaa Mokowe wiki tatu bila kuwashwa, sasa fundi asema betri kubwa imekufa. Nifanyeje?

MsafiriWaMokowe

Assalam aleykum jamani, naombeni msaada maana hapa kichwa chaniuma kweli. Mi naishi Lamu kisiwani, na mwajua huku twatembea kwa miguu na punda, kwa hivyo Aqua yangu ya 2014, hii Toyota haibridi inayotumia petroli na betri kubwa ya umeme, naipaki Mokowe huko barani, nikiwa na safari ya Malindi ama Mombasa navuka na boti naichukua. Saa zingine yakaa wiki mbili, tatu, na Ramadhani ilikaa mwezi mzima na siku kadhaa juani, kwa sababu kivuli cha mwarobaini ulioko pale washakishika watu wa bodaboda.

Sasa wiki iliyopita nimeenda kuitoa, ikawaka, nikasema alhamdulillahi, kabla hata sijafika Garsen nikaanza kuona mambo. Vile vijiti vya betri kwenye dashibodi vyapanda vyajaa, dakika chache vyashuka vyabaki viwili, vyapanda tena, injini haizimi hata nikisimama, na huko nyuma chini ya siti kuna feni yavuma mpaka watoto waniuliza baba ni nini hiyo. Karibu na Gongoni ikawaka pembetatu nyekundu. Mafuta ndo usiseme, nilikuwa nikipata kilomita 20 na kitu kwa lita, safari hii hata 14 sikufika. Malindi fundi akachomeka mashine yake, ikasoma namba ya hitilafu P0A80, akaniambia betri imekufa lete laki na ishirini nikutilie nyingine. Hakutoa siti, hakufungua hata bolti moja.

Gari imetembea 138,000. Huyu aniambia uza, yule aniambia hizi betri zakaa miaka 10 na zaidi usibabaike. Nishike lipi?

Teksi_Muyeye

Pole sana ndugu yangu. Mi nina Aqua ya teksi na hiyo P0A80 naijua vizuri, ilinijia nikiwa na abiria naenda Mambrui. Nilipelekwa kwa fundi akaniambia usinunue betri nzima, ndani kuna vipande vingi, tutatoa kile kibovu tutie kingine cha mtumba, bei poa, jioni nikaondoka nacheka. Miezi minne taa hiyo. Tukatia kingine, miezi miwili taa hiyo tena. Mara ya tatu nikapiga hesabu ya siku nilizolaza gari na pesa nilizotoa kidogo kidogo nikaona karibu zafika bei ya betri nzima, nikanunua nzima, na sasa mwaka wa tatu naenda bila shida. Kwa hivyo mtu akikwambia abadilishe kimoja, mwambie hapana.

KijanaWaBarani

Kwani mwasumbuka nini, ng'oa hiyo betri tupa, gari ina injini ya petroli, endesha na petroli tu. Binamu yangu ndo alivyoambiwa.

FundiUmeme_Malindi

@KijanaWaBarani mwambie binamu yako asijaribu, atabaki na gari ya kusukuma. Aqua haina stata kama gari zingine. Kinachozungusha injini iwake ni mota kubwa ya umeme iliyoko ndani ya giaboksi, na hiyo mota yala umeme wa betri kubwa. Betri kubwa ikitoka ama ikaisha kabisa injini haiwaki, hata umletee mtu waya za kushtua betri kutoka gari nyingine, kwa sababu zile zasaidia betri ndogo ya volti 12 peke yake.

Sasa turudi kwako Msafiri. Nitaeleza kwa urefu kidogo, nivumilie, maana hili jambo laniuma, naona watu wakilipishwa laki kila wiki kwa gari ambazo hazijafunguliwa.

Betri ya Aqua ni ya nikeli, volti 144. Ndani kuna moduli 20, bapa za plastiki zimepangwa kama vitabu kwenye rafu, kila moja volti 7.2, na zimebanwa kwa vyuma pande zote mbili kwa sababu zikijaa umeme hutaka kuvimba. Prius ya kizazi cha tatu, haibridi nyingine ya Toyota, ni vilevile, ila moduli 28. Komputa ya gari haizisomi moja moja, yazisoma mbili mbili. Ikiona jozi moja imeachana sana na wenzake ndo yatoa hiyo P0A80. Kwa hivyo hiyo namba yakwambia kuna jozi imeachana na wenzake, haikwambii ni kwa nini. Inawezekana moduli imechoka. Inawezekana pia ni kile kipande cha shaba kinachounganisha moduli na moduli kimeshika kijani, na kwetu pwani hiyo kijani ni kawaida, hewa yenyewe ina chumvi. Mtu ambaye hajafungua hawezi kujua ni ipi.

Kabla hujatoa hata shilingi fanya hivi. Toa siti ya nyuma, hapo pembeni kuna tundu la hewa lenye wavu, fuata mfereji wake utaikuta feni. Ifungue uiangalie. Wiki jana niliitoa ya gari moja inayokwenda Marafa kila siku, yale mapanga madogo huyaoni kabisa, yamevaa vumbi jekundu limechanganyika na nywele na nyuzi za mkeka mpaka limekuwa kama kipande cha sufi, nimelibandua kwa kidole likatoka zima zima. Na betri hii haina maji wala friji ya kuipoza, hewa yake ni ileile mnayopumua nyinyi ndani ya gari. Feni ikiziba, moduli za katikati ndo zapata moto zaidi, na hizo ndo huanza kufa. Ukisikia feni yavuma kwa nguvu ujue betri yalia joto.

Ya pili, mwambie fundi akuonyeshe volti za jozi zote kumi gari ikiwa yapanda mlima ama umekanyaga mafuta huku umeshika breki. Gari ikiwa imetulia zote hufanana, usidanganywe na hilo. Zikiwa na mzigo, ile mbovu yaanguka peke yake. Ikiachana na wenzake kwa volti moja nzima ama zaidi, hiyo imechoka. Ikiwa zimeachana kidogo tu, safisha feni na shaba kwanza.

Na naomba sana mtu asifungue hiyo betri mwenyewe kwa kuona video. Volti 144 za betri haziachi mtu. Zile waya za rangi ya machungwa haziguswi mpaka ile plagi ya usalama itolewe, ungoje dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta uishe, na uwe na glavu za mpira za umeme, si zile za kuoshea vyombo.

MamaWatamu

Asante fundi, mi nina swali. Yangu ni Honda Fit haibridi ya 2015, na mimi nilikuwa natia mifuko ya soko hapo nyuma kila siku, nikisoma hapa moyo wanidunda. Ni mambo yale yale?

FundiUmeme_Malindi

Mama, Fit yako ni lithiamu, si nikeli, kwa hivyo habari ya kutoa moduli na kuchanganya usikubali kabisa, lithiamu ikichajiwa vibaya yashika moto. Lakini joto laiua vilevile. Ondoa mizigo kwenye tundu la hewa, ukiingia kwenye gari iliyokaa juani fungua vioo moto utoke halafu washa AC, na chujio la feni lisafishwe kila ukifanya sevisi. Hayo tu.

MsafiriWaMokowe

Jamani nimerudi na majibu. Nimempata fundi mwengine, amefungua mbele ya macho yangu, nimekaa kwenye ndoo namtazama saa nne nzima. Feni ilikuwa imeziba nusu, na ndani yake tumepata kiganja cha mchanga na ganda la peremende. Shaba za upande mmoja zilikuwa kijani kibichi kama sarafu iliyotoka baharini, nati mbili akizishika zatoka unga. Amezisafisha kwa siki na chumvi, akaziosha, akazikausha, akazirudisha kwa ile spana ya kupima nguvu, aniambia ukikaza sana shingo ya moduli yavunjika.

Halafu tukapima barabara ya Gede. Jozi nane ziko sawa. Jozi ya tano na ya sita, zile za katikati kama ulivyosema, zaanguka zikivuta mzigo, moja yashuka chini ya wenzake kwa volti 0.6, nyingine kwa 0.9. Pembetatu imezimika na mafuta yamerudi 19. Lakini amenambia wazi kwamba hizo mbili zimeshaanza safari, nijiwekee pesa ya betri nzima ndani ya mwaka. Nimekubali, angalau nimejua nalipia nini na lini.

Swali langu la mwisho, hiyo ya kukaa Mokowe nifanyeje? Kuhama Lamu siwezi.

FundiUmeme_Malindi

0.9 iko karibu sana na volti moja, mwezi ujao pima tena. Kuhusu Mokowe, kwanza tafuta kivuli hata kama ni cha kulipia. Nikeli hujipunguza umeme yenyewe ikikaa, na kwenye joto hujipunguza haraka zaidi, moduli zilizochoka zapunguka kuliko wenzake, ndo maana ukiitoa baada ya mwezi zimeachana. Mpate mtu wa kuaminika kila baada ya wiki mbili aiwashe mpaka iandike READY, aiache kwenye P, asiweke N kwa sababu kwenye N haichaji, aiache nusu saa na AC imewashwa, injini itawaka na kuzima yenyewe. Akiweza kuiendesha kidogo ni bora zaidi. Na ukijua yakaa mwezi bila mtu wa kuiwasha, toa waya wa hasi wa betri ndogo, hiyo hufa kabla ya kubwa, watu waona taa zote zimewaka dashibodi wadhani betri kubwa imekwisha kumbe ni ya volti 12. Ukishatoa, mlango utaufungua na kile kifunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya rimoti, kitoe ukijaribu sasa ukiwa bado Malindi.

MsafiriWaMokowe

Kifunguo nimekijaribu sasa hivi, kimefungua. Kuna kijana hufanya kazi kwenye boti, baba yake ana ua lenye mkwaju pale Mokowe, nimeongea naye, ijumaa mbili kwa mwezi ataiwasha kabla ya kwenda kuswali. Nikipima mwezi ujao nitaleta volti hapa.

Teksi_Muyeye

Zilete za jozi zote kumi, si hizo mbili peke yake.