Macho yamefifia, vitabu bado navitaka: ninunue Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu, au simu inatosha?

Mwalimu wa Ngamiani
Jamani, naomba ushauri. Nimefundisha Kiswahili miaka 31, sasa nimestaafu, niko Ngamiani barabara ya 12. Presha ya macho imeondoka na jicho la kushoto. La kulia limebaki katikati tu, kama nachungulia tundu la ufunguo. Kitabu cha karatasi kimenishinda tangu Ramadhani.

Mwanangu kanipa simu yake ya zamani, kaniwekea vitabu na kuniwashia TalkBack, ile inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. Cha kwanza kikasema "picha", kikanyamaza. Kila ukurasa, "picha". Cha pili kinasomeka, ila sauti ni ya Kizungu. Ikifika "ng'ombe" inasema "eni-ji", inakwama, kisha inamalizia "ombi". Sentensi nilizofundisha maisha yangu yote sizitambui. Roho imeniuma sana.

Sasa kuna mtu anauza Kindle iliyotumika, anasema inasoma yenyewe. Nimtumie hela?

Kijana wa Chumbageni
Shikamoo Mwalimu. Usitume kwanza. Mimi sioni tangu kuzaliwa, na kosa hilo nimeshalifanya.

Kindle hizi za wino, zenye skrini kama karatasi, zilipata VoiceView, programu ya kusoma skrini kwa sauti, mwaka 2016. Ukiuziwa ya 2012 umenunua bubu. Hata hizo mpya hazijui Kiswahili, kwa hiyo "eni-ji" utaikuta kulekule.

Kitabu kinachosema "picha" kimepigwa picha kurasa zake, hakina herufi ndani. Mwanao akipakie Google Drive, akifungue kwa Google Docs, kitatoka maandishi. Makosa yatakuwepo, hasa karatasi ikiwa imechakaa. Kuanzia leo ukitafuta kitabu ulizia EPUB, aina ya faili lenye herufi zenyewe, siyo picha za kurasa.

Sauti ni kazi ya dakika tano. Ingieni mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, mtafute sauti inayosoma maandishi, mpakue ya Kiswahili. Imewekwa kama Kiswahili cha Kenya, lakini "ng'ombe" inatoka nzima.

Mama Raskazone
Mwalimu pole. Mume wangu ana presha hiyohiyo. Tulimkuzia herufi mpaka mwisho tukidhani tunamsaidia, kumbe kwenye kale katundu yanaingia maneno mawili tu, anapotea mstari. Tumempunguzia, tukaweka maandishi meupe juu ya weusi, sasa anasoma robo saa bila kichwa kuuma.

Halafu Tanzania imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kutengenezewa nakala za wasioona bila kusubiri ruhusa ya mwenye haki. Wachapishaji wetu wangetoa EPUB toka mwanzo, wala tusingehangaika na mapicha.

Mwalimu wa Ngamiani
Marahaba mwanangu. Mama, ahsante. Hela sijatuma. Sauti ya Kiswahili tumeipakua baada ya Isha. Inakimbia, nimeipunguza mwendo. Imenisomea kurasa sita, nimekaa barazani, simu iko mapajani. Ile "picha" kijana ataipakia kesho akipata bando.