Mafundi wa Mtwara, mnapima eneo au mnampima mtu?

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira tangu juzi.

Nina kieneo nyuma ya nyumba huku Shangani, upepo wa bahari unapita vizuri, nikataka kibaraza cha mbao cha kukaa jioni. Futi 12 kwa 10, basi. Binti yangu anaita deki. Nikamwambia kwetu deki inapigwa, haijengwi.

Fundi wa kwanza hata geti hakuvuka. Kaitazama gari, kauliza, "Bosi unafanya kazi wapi?" Nikasema bandarini. Hapo hapo: 6,200,000. Wa pili nilimtumia picha kwa simu, 3,400,000. Wa tatu alifika, akapima kwa hatua za miguu, akaandika kwenye karatasi ya daftari la mtoto: mbao za inchi 6 arobaini, mihimili 18, misumari, na mstari wa mwisho "dharura 350,000". Jumla 2,800,000. Eneo ni lile lile jamani! Nikaona huyu angalau kaandika, nikatoa hela ya mbao.

Usiku ndipo akili ikanirudia, nikashika kalamu. Mbao ya inchi 6 ikishapigwa randa inabaki kama tano na nusu. Acha robo inchi kati ya mbao na mbao maji yapite, kila moja inakula inchi tano na robo tatu. Upana wangu inchi 120. Gawanya: mbao 21. Weka mbili za kuharibika, 23. Hizo 17 za nini? Mihimili nayo, ukiipanga kila inchi 16, ni 10 tu.

Asubuhi namuuliza, ananijibu bila hata kupepesa: "Bosi, mabaki ya kazi ni ya fundi." Kumbe makadirio yenyewe alikuwa anakadiria mabaki! Ijumaa naenda msikitini, narudi nakuta mbao tisa hazipo, jirani anasema zimepanda guta.

Na hizo zilizobaki bora asingeniachia. Aliapa zimetiwa dawa, na kweli rangi ya kijani ipo. Nimekata kipande kwa msumeno: kijani ni ngozi ya juu tu, ndani nyeupe pee kama muhogo uliomenywa. Mchwa wa huku wataimaliza kabla sijanunua viti. Nguzo mbili alizowahi kusimamisha kazifukia kwa udongo mtupu, kwenye mji ambao saruji inatengenezwa hapa hapa. Misumari kaleta ya kawaida, na bahari naisikia nikiwa kitandani. Chumvi itaibakisha nini ile?

Najua kuna watakaosema ni msimu wa korosho, pesa ya mnada imeingia, kila kitu kinapanda. Sawa, bei ya mbao ipande. Futi nazo zinapanda?

Sasa mbao nimezifunika turubai, Desemba mvua hiyoo. Kama kuna fundi Mtwara mjini, Mikindani, hata Lindi, anayekuja na tepu mkononi na asiyeuliza ninafanya kazi wapi, mnielekeze. Yule wa dharura asijisumbue kunipigia, mbao zangu tisa azirudishe kwa guta lile lile.