Folda za tovuti zimefutwa: turudishiwe akaunti nzima, tujenge upya, au tuchote Wayback Machine?

MwanaSafari_MSA
Salaam aleikum wanajukwaa. Naulizia kwa niaba ya ofisi yetu ndogo ya safari hapa Moi Avenue. Tovuti ni ya WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti), iko kwenye seva ya kukodi ya pamoja yenye cPanel, yaani paneli ya kuisimamia seva kwa kivinjari. Jana Jumanne jioni diski ilijaa, kijana wetu akaingia kupunguza nafasi na akafuta folda tatu: public_html, mail na etc. Leo tovuti haifunguki, barua pepe za ofisi haziingii.

Nimeshapewa ushauri wa kila namna. Kampuni ya seva inasema inaweza kurudisha akaunti nzima kama ilivyokuwa Jumapili. Rafiki anasema tujenge upya, tovuti yenyewe ilishazeeka. Mwingine anasema kurasa zote ziko Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za intaneti. Na yuko wa nne, anadai ana programu ya kufufua faili zilizofutwa, anataka M-Pesa kwanza. Wageni wa Diani na Wasini wanaweka nafasi kupitia fomu ya tovuti, na Desemba ndiyo hiyo inakuja. Tuanze wapi?

FundiSeva_Likoni
Waleikum salaam. Kwanza msiguse kitu. Usikubali mtu aweke WordPress mpya hapo juu kabla hujajua kilichopotea na kilichobaki.

Alifutia wapi? Kama ni kwenye File Manager ya cPanel, faili kwa kawaida huenda kwenye folda iitwayo .trash, na kuna kitufe cha View Trash. Ukiikuta public_html humo, iteue, bonyeza Restore, habari imekwisha bila kumlipa mtu. Lakini kama alitia alama ya kuruka pipa la taka, au alifuta kwa FTP (programu ya kuhamisha faili), basi .trash haina kitu.

Pili, na hili watu wengi hawalijui: tovuti ya WordPress imegawanyika. Faili ziko public_html. Makala, kurasa, bei na watumiaji wako kwenye hifadhidata ya MySQL, na hiyo haikai ndani ya public_html. Duka limeungua, daftari liko nyumbani. Ingia phpMyAdmin, zana ya kuangalia hifadhidata iliyo ndani ya cPanel, uangalie kama meza za wp_posts na wp_options zipo. Zikiwepo, fanya Export sasa hivi, faili hiyo ya .sql uiweke kwenye kompyuta yako na kwenye flashi. Ndiyo maana sikubaliani na "kurudisha akaunti nzima". Watairudisha hifadhidata ya Jumapili juu ya hii iliyo hai, na chochote mlichobadilisha Jumatatu na Jumanne kitafutika kwa mikono yenu wenyewe.

Mpwani_Nyali
Huyo wa nne mkimbieni. Kwenye seva ya pamoja mteja hana ruhusa ya kuifikia diski yenyewe, na humo wamo wateja wengine chungu nzima wanaoandika kila sekunde. Programu ya kufufua faili inafaa kwa flashi yako au laptopu yako. Akiomba paswadi ya cPanel ndiyo basi tena.

MzeeWaMjiMkongwe
Mimi naitetea Wayback Machine kidogo. Internet Archive wanahifadhi kurasa tangu 1996, na mie nimeshamtolea jirani tovuti yake ya nyumba ya wageni humo ikasimama tena. Ukiweka herufi id_ mara baada ya tarakimu za tarehe kwenye anwani, unapata ukurasa ulivyokuwa, bila ule utepe wao wa juu. Haina gharama.

FundiSeva_Likoni
Mzee wangu, sikukatalii, ila tuseme yote. Wanachohifadhi ni ukurasa uliokwisha pikwa. Nyuma yake hakuna msimbo wa PHP unaoiendesha tovuti, hakuna thimu (sura ya tovuti) wala plagini (viongezo vyake), na fomu utaiona kwa macho tu, haitumi kitu. Picha nyingine hazimo. Kwa tovuti ya kurasa tano za HTML nakubali kabisa. Kwa hawa, ikiwa hifadhidata ipo, Wayback ni ya kuokotea kilichokosekana mwishoni.

MzeeWaMjiMkongwe
Hapo sawa. Ya jirani ilikuwa ya HTML kweli.

BintiKongowea
Samahani, mbona hakuna aliyeuliza kuhusu barua pepe? Nyote mmekimbilia public_html. MwanaSafari, fomu yenu ni ya plagini gani? Kama ni Contact Form 7, yenyewe haiweki maombi kwenye hifadhidata, inayatuma kwa barua pepe tu, mpaka uongeze plagini nyingine ya kuyahifadhi. Maana yake nafasi zenu za Desemba hazimo kwenye daftari la FundiSeva. Zilikuwa kwenye folda ya mail, ambayo imefutwa. Na etc ndiyo yenye orodha ya akaunti zenu za barua pepe na paswadi zake, ndiyo sababu hakuna anayeweza kuingia.

Nani anasoma barua hizo, na kwa kifaa gani?

MwanaSafari_MSA
Dada, umenishtua. Ni Contact Form 7, hakuna plagini nyingine. Barua zinasomwa na dada wa mapokezi kwa Outlook kwenye kompyuta yake. Hajaja kazini tangu jana saa tisa, kompyuta imezimwa. .trash nimeangalia, tupu. Hifadhidata ipo, nimeshai-export.

BintiKongowea
Alhamdulillahi kwamba imezimwa. Isiwashwe ikiwa na intaneti!

Kama Outlook imeunganishwa kwa IMAP, njia inayoacha barua kwenye seva, kazi yake ni kufanana na seva. Etc ikirudi huku mail ikiwa tupu, itaona kule hakuna kitu, nayo itaondoa nakala zake. Kwa hiyo: chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi kwenye ruta, ndipo muiwashe. Fungua Outlook, chagua Work Offline, kisha export sanduku lote kuwa faili la .pst, hilo faili liende kwenye flashi. Baada ya hapo hata ikifuta hamna neno. Kama ni POP, njia inayoshusha barua kwenye kompyuta, zilizokwisha kushushwa ni zenu, ila fanyeni vivyo hivyo.

Simu za mabosi zenye barua hizo nazo ziwekwe kwenye hali ya ndege. Huwa zinahifadhi za karibuni tu, lakini za karibuni ndizo mnazozitaka.

Mpwani_Nyali
Na bekapu ya Jumapili haiwezi kuwa na barua za Jumatatu. Hiyo kompyuta ya mapokezi na hizo simu ndizo pekee zinazozo. Ajabu sana, wote tulikuwa tunabishana kuhusu WordPress.

FundiSeva_Likoni
Binti amenipiku, nakubali. Sasa turudi kwa kampuni ya seva. Bekapu yao itumieni, ila muiombe vipande. Wengi wana zana ya bekapu iitwayo JetBackup ndani ya cPanel, ambapo faili, hifadhidata na barua pepe huchaguliwa kila kimoja peke yake. Kama hamuioni, waandikieni hivi, msiongeze hadithi:

"Tafadhali rudisheni folda public_html, mail na etc pekee kutoka bekapu ya mwisho iliyo kabla ya Jumanne jioni. Msiguse hifadhidata yoyote. Tuambieni pia kama kuna bekapu ya Jumatatu usiku."

Hilo la mwisho liulizwe. Kuna wanaohifadhi kila usiku lakini wanakutajia ya wiki kwa sababu ndiyo iliyo mbele yao.

Kijana_Mtwapa
Kwani hawana UpdraftPlus, ile plagini ya bekapu? Mimi yangu hutuma Google Drive.

FundiSeva_Likoni
Ikiwa iliunganishwa na Drive, ni njia nzuri kuliko zote, kwa sababu haimtegemei mtu. Usipoiunganisha popote, nakala zake hukaa wp-content/updraft, ndani ya public_html hiyo hiyo, zinafutwa pamoja na mwenyewe. Kituo cha seva cha kampuni ya OVH kilipoungua Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, wapo wateja waliogundua siku hiyo kwamba bekapu zao zilikuwa pale pale kwenye moto.

MwanaSafari_MSA
Sina hakika kama iliunganishwa, aliyeijenga tovuti yuko Qatar. Na wakikosa bekapu kabisa?

FundiSeva_Likoni
Basi ndiyo "kujenga upya", lakini si kuanzia sifuri kama anavyosema rafiki yako. Unapakua WordPress safi kutoka wordpress.org, unaipakia public_html, unaandika wp-config.php mpya inayoelekea hifadhidata ile ile ya zamani. Paswadi ya zamani ya hifadhidata ilipotea na faili, kwa hiyo tengeneza mtumiaji mpya kwenye sehemu ya MySQL Databases ya cPanel na umpe ruhusa zote. Kiambishi cha meza kiwe kile unachokiona phpMyAdmin, kisije kikawa wp_ huku zenu zinaanza na kitu kingine, utaletewa ukurasa wa kusakinisha upya. Halafu thimu na plagini unaziweka zile zile, majina yake yamo kwenye wp_options. Msitumie Softaculous (kisakinishi cha bonyeza-mara-moja) kwa hili, itawaundia hifadhidata mpya tupu na mtadhani kila kitu kimepotea.

Maandishi yatarudi yote. Picha hazitarudi, zilikuwa kwenye folda ya uploads ndani ya public_html. Kazi ya siku moja kwa anayejua, na bei muulizane kabla hajagusa.

Wakati mnasubiri, weka ukurasa mmoja wenye namba ya WhatsApp ya ofisi, lakini seva ijibu kwa msimbo 503 badala ya 404 (ukurasa haupo). Kwa Google 503 ni "nimefunga kwa muda". 404 ikikaa, kurasa zinaanza kuondolewa kwenye matokeo.

MwanaSafari_MSA
Mrejesho. Kompyuta imewashwa bila mtandao, barua zote zipo mpaka za jana saa nane na nusu, .pst iko kwenye flashi mbili. Kampuni imejibu: bekapu ya Jumatatu usiku haipo, ya Jumapili wameirudisha kwa vipande kama mlivyosema. Tovuti imefunguka, bei mpya tulizoweka Jumatatu zipo. Ila picha za boti mpya tulizopakia Jumatatu zinaonyesha kisanduku tupu.

FundiSeva_Likoni
Hizo zimerekodiwa kwenye hifadhidata, faili ndizo hazipo. Angalia wp_postmeta, safu za _wp_attached_file, zitakupa mwaka, mwezi na jina kamili. Aliyepiga picha bado anazo kwenye simu? Zipe majina yale yale, uzipakie kwenye folda ile ile ya mwezi, kisha endesha plagini ya kutengeneza vijipicha upya ili saizi ndogo zirudi.

BintiKongowea
Na Outlook msiirudishe mtandaoni mpaka barua za Jumapili zionekane kwenye webmail, yaani barua pepe kupitia kivinjari. Zikishaonekana, ndipo mziingize za Jumatatu na Jumanne kutoka .pst.