Vitunguu mwitu vya maua meupe: ni aina gani, na vinaondolewaje?

Swali
Wakuu, kuna mmea umejaa chini ya miti. Majani membamba na laini, maua meupe yameinamia upande mmoja. Jani likifikichwa linanuka kitunguu. Ukilivuta linakatikia mkononi, kitunguu kinabaki chini. Ni Allium triquetrum au Allium neapolitanum? Unalika? Na unaondolewaje?

Jibu 1
Shika bua la ua, ulizungushe kati ya vidole viwili. Likikwama kwenye kona tatu kali, ni triquetrum; jina lenyewe linataja pembe tatu. Tazama na ua: kila petali, kati ya sita, ina mstari wa kijani katikati. Neapolitanum haina mstari huo, maua yake ni meupe tupu na yamefunguka kama nyota. Kwa hayo maua yaliyoinama, mimi nasema triquetrum. Zote mbili asili yake ni Mediterania.

Jibu 2
Inalika yote: majani, maua, kitunguu. Ila mkono ukishanuka kitunguu, kila utakachoshika kitanuka kitunguu, na hapo ndipo watu wanapochanganya na Leucojum au Convallaria, mimea mingine ya maua meupe, ambayo ina sumu. Kagua bua kwanza, pua baadaye. Mbwa na paka wasile kabisa.

Jibu 3
Acha kuvuta. Kitunguu mama kina vitoto vidogo pembeni. Ukikitikisa vinadondoka, na mwakani kila kimoja ni mmea. Chimba udongo ukiwa na unyevu, kabla mbegu hazijakomaa. Zamisha uma wa bustani kina cha kama sm 15, pembeni ya kichaka, inua bonge zima, kisha chekecha udongo. Usivitupe kwenye mboji, vitaota humo humo. Majani yakishakauka kiangazi umechelewa, huoni pa kuchimba.

Dawa ya magugu haishiki vizuri, jani lina utelezi. Ukilazimika kuitumia, ponda majani kidogo kwanza.

Muuliza swali
Asante. Mbona mingine inaota mbali, hata nyuma ya ukuta?

Jibu 3
Sisimizi hao. Mbegu ina kinundu cha mafuta. Wanaibeba, wanakula kinundu, mbegu wanaiacha. Kwa hiyo kata vichwa vya maua mapema, na pitia eneo kila msimu kwa miaka kadhaa.

Jibu 4
Aliyeko Uingereza au Wales asiutupe mmea huu wa triquetrum porini: sheria ya wanyamapori na maeneo ya mashambani ya 1981 inakataza kuupanda au kuusababisha uote huko. Kwenye chungu unakaa bila shida, mradi maua yakatwe kabla ya mbegu.