Herufi zina rangi rangi pembeni tangu nisimamishe monita, naomba msaada

Kalamu Butu:
Wakuu, habari zenu. Nina monita ya inchi 24 nimeiunganisha na laptopu. Kazi yangu ni kuhariri maandishi, kutwa nasoma kurasa ndefu, kwa hiyo wiki iliyopita nikaizungusha isimame wima ili ukurasa mzima uonekane kwa mara moja. Tangu hapo herufi hazitulii. Zina rangi rangi pembeni, kama gazeti ambalo wino ulihama kidogo mtamboni. Picha na video ziko safi kabisa. Nimebadilisha waya, nimesasisha draiva, resolusheni ni ile ile ya kioo, 1080 kwa 1920. Natumia Windows 10. Macho yanauma wakuu.

Bisibisi:
Pole mkuu. Hapo fonti zimekufa. Piga Windows upya, umalize kazi.

Kalamu Butu:
Kupiga upya si siku nzima hiyo? Na kioo cha laptopu kinatumia Windows hiyo hiyo, fonti zile zile, mbona hakina shida?

Fundi Kimya:
Usipige chochote. Chukua skrinishoti, ifungue kwenye Paint, kuza hadi 800%. Tafuta herufi "l" nyeusi juu ya nyeupe. Ubavu wa kushoto una rangi gani, na wa kulia?

Kalamu Butu:
Loh! Kushoto wekundu wa machungwa, kulia ubuluu. Miaka yote najua "l" ni nyeusi. Na cha ajabu, hata herufi za upande wa laptopu ziko hivyo hivyo.

Fundi Kimya:
Ndivyo zinavyochorwa, hiyo ni kazi ya ClearType, mfumo wa Windows wa kulainisha herufi. Kwenye monita nyingi kila pikseli ina vipande vitatu, chekundu, kijani na buluu, vimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. ClearType inavitumia kimoja kimoja, kwa hiyo inaweza kusogeza ukingo wa herufi kwa theluthi ya pikseli. Kioo kikiwa kimekaa kawaida, jicho linaona ukingo laini, rangi hulioni.

Wewe umekisimamisha. Vipande sasa vimepandana, kimoja juu ya kingine, lakini ClearType bado inahesabu kushoto-kulia. Rangi iliyotakiwa kujificha ndiyo hiyo inayokuumiza macho. Picha na video haziguswi, ndiyo maana ziko safi.

Andika cttune kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza Enter, toa tiki ya kuwasha ClearType, fuata hatua hadi mwisho, kisha toka kwenye akaunti yako uingie tena. Herufi zitalainishwa kwa kijivu badala ya rangi. Zikitoka na meno kama msumeno, ujue ulainishaji wote umezimika: nenda kwenye mipangilio ya utendaji ya Windows, rudisha tiki ya kulainisha kingo za fonti. Tahadhari moja, ukizima unazima kwa vioo vyote, hata cha laptopu.

Nyaya Mbili:
Nami niliwahi kuona rangi za ajabu ila kwangu ilikuwa TV niliyoigeuza monita. Maandishi mekundu juu ya weusi yalivimba hayasomeki, lakini skrinishoti nikiifungua kwenye kompyuta nyingine naikuta nzuri tu. TV ilikuwa inapunguza taarifa za rangi, ule mfumo wa 4:2:0. Niliingia menyu ya TV, lile tundu la HDMI nililochomeka waya wa kompyuta nikalipa jina la "PC", ikatulia. Kwa hiyo skrinishoti muiangalie kwenye kioo kingine pia kabla hamjalaumu Windows.

Kalamu Butu:
Fundi Kimya, ubarikiwe. Wekundu umekwisha. Herufi zimenenepa kidogo na laptopu imepata ukungu kiasi, lakini huko nafungulia muziki tu. Leo nimesoma kurasa 60 bila kupangusa macho.

Bisibisi:
Sawa. Ila Windows ungeipiga tu.