Simu haishiki mtandao, IMEI haitoki: nibadilishe chipu au nifungue bodi?

Baba Naima
Wakuu, habari za leo. Nina simu mtumba, toleo la 2019. Mwezi uliopita ilinichomoka mfukoni nikiwa kwenye bodaboda. Kioo hakikupasuka, nikamshukuru Mungu. Wiki mbili baadaye mtandao ukawa unakuja na kuondoka, mwisho ukaondoka moja kwa moja. Laini nimejaribu tatu. Waifai inashika vizuri, ila nikibonyeza *#06# IMEI (namba ya utambulisho wa simu) haitoki.

Fundi wa kwanza aliipuliza bloa (hewa ya moto), mtandao ukarudi siku 3 tu. Sasa anataka 180,000 abadilishe "chipu ya mtandao". Wa pili anataka 90,000 atenganishe bodi. Wa tatu anasema ni programu tu, tuiflashi (tuweke programu upya) kwa 20,000. Picha za binti yangu tangu azaliwe zimo humo. Nimsikilize nani?

Mama Kijacho
Usiflashi kaka yangu! Hamisha picha leo hii, kwa waifai au kompyuta. Mimi nilikubali kuflashiwa ikiwa na ugonjwa huo huo. Ikafuta kila kitu, ilipowaka ikataka kusajiliwa upya, na bila modemu (hiyo chipu ya mtandao) haisajiliki. Nimebaki na kioo cha kujitazamia.

Dalali Mstaarabu
Nakupa 50,000 nikatolee kioo 😀

Fundi wa Ghorofani
Baba Naima, IMEI ingekuwa inatoka halafu mtandao hakuna, ningeanza na antena na njia za mawimbi. Kama haitoki kabisa, prosesa (ubongo wa simu) haisikii modemu: ama umeme haufiki, ama njia imekatika, ama modemu yenyewe imekufa.

Kuna simu za miaka hiyo zina bodi mbili zilizobandikwa kama chapati, prosesa juu, modemu chini. Zinaongea kupitia vidoti vya risasi ya kulehemu kuzunguka pembeni. Simu ikianguka vidoti vinaachia, hata kioo kikipona. Ukiibana kwa kidole karibu na tundu la laini, mtandao haurudi kidogo?

Baba Naima
Mkuu umejuaje? Jana niliibana, vijiti viwili vikapanda, nikaachia vikazima.

Fundi wa Ghorofani
Basi dalili zinaelekea kwenye vidoti. Bloa ya yule wa kwanza ilifanya ufa ugusane kwa muda, haikutibu. Na chipu usikubali ibadilishwe kirahisi. Kwenye simu nyingi za aina hiyo modemu imefungwa ndoa na prosesa tangu kiwandani, ukiweka ya simu nyingine hazitambuani.

Huyo wa 90,000 yuko karibu na ukweli, ila mhoji. Anatenganisha kwa sahani ya moto au kwa bloa? Akisema bloa, aga uondoke. Halafu muulize kama ana kibanio cha majaribio. Hicho kinakandamiza bodi mbili bila risasi, simu inawaka mezani. IMEI ikitoka hapo, modemu ni nzima. Isipotoka, apime bodi ya chini kwa mita upande wa dayodi, alinganishe na bodi isiyo na hitilafu, atafute shoti kwenye umeme wa modemu.

Kurudishia, wengi wanatumia risasi inayoyeyuka kwa nyuzi 138 ili chipu nyingine zisiungue. Ubaya wake ni dhaifu, ikianguka tena inaachia. Mimi napenda ya 183 ila inataka mkono mtulivu.

Chawa wa Simu
Mbona mnazunguka, kuna jamaa anaandika IMEI mpya kwa kompyuta dakika tano.

Fundi wa Ghorofani
Usimponze mwenzako. Kuchezea IMEI ni kosa, sheria ya mawasiliano ya Tanzania ya 2010 inasema. Halafu IMEI yake haijafutika, anayeitaja ndiye hasikiki.

Baba Naima
MREJESHO: Picha zimeshahama, zilikula usiku mzima. Nimeenda kwa wa pili, kibanio anacho. Akazibana bodi, akaunga kioo kwa nyaya, akaniambia bonyeza mwenyewe. *#06#, namba 15 hizo hapo. Nimezituma 15090, namba ya mamlaka ya mawasiliano ya kuhakiki simu, jina la simu limerudi sawasawa. Nimemwomba atumie ya 183. Amekuna kichwa, akaongeza 10,000. Hapa nilipo nimekaa kwenye kigoda chake nasubiri bodi ipoe.